Kuvuka ziwa hadi Goma kubadilisha apareyi ya picha

Wengi mmetuuliza ile apareyi kubwa ya picha imekwenda wapi, na kwa nini siku hizi tunashika ndogo inayoingia ndani ya mkoba wa sokoni. Haikuibiwa, na haikuuzwa. Tuliivusha ziwa mpaka Goma, tukabadilishana na mpiga picha mmoja wa kule. Tuliotumwa tulikuwa watatu, na safari yetu ilikuwa hivi.

Kwanza zawadi yenyewe. Rafiki yetu wa Ubelgiji, aliyekaa nasi majuma mawili, alituachia Nikon D7100 pamoja na lenzi ndefu ya milimita 70 hadi 300. Ni apareyi ya nguvu. Ukisimama kando ya ziwa pale Nguba unaweza kumvuta mvuvi aliye mbali kabisa, ukaona hata kofia yake. Lakini kazi tuliyojipa sisi si ya wavuvi wa mbali. Mnakumbuka tulikubaliana kwamba kila jamaa ya chama ipate walau picha moja iliyochapwa kwenye karatasi, kwa sababu wengi kati yetu walikimbia mikono mitupu, na albamu za harusi na za ubatizo zilibaki nyuma au ziliungua. Kuna mama kati yetu ambaye sura ya marehemu mume wake haiko popote ila kichwani mwake. Mtoto wa mwisho humwuliza, "Baba alifanana na nani?"

Picha za namna hiyo hupigwa ndani, karibu na moto, katika chumba chenye dirisha moja. Lenzi ile inataka uwe mbali metre moja na nusu ndipo ione sawasawa, na hapo inakupa uso tu. Ukitaka mama aingie pamoja na watoto wake wanne, unarudi nyuma mpaka ukutani, kisha mlangoni, kisha unajikuta uani kwa jirani. Huku Kadutu nyumba zimebanana, na nyuma ya mlango mara nyingi kuna mtaro. Tena chombo chenyewe kina uzito wa kilo moja na nusu, na lenzi ikitokeza mbele watu wanajikunja. Bibi mmoja alijifunika uso kwa kitenge akasema, "Mbona mnanilenga kama askari?" Ndiyo picha tuliyopata kwake: mkono na kitenge.

Kwenye mkutano maneno yalikuwa mengi. Mama mmoja mwenye umri alisema zawadi haibadilishwi, kwamba ni kumtukana aliyeitoa. Mwingine akajibu kwamba ukipewa kitenge unakikata na kukishona kwa kipimo chako, wala hakuna anayekasirika. Sisi tulikuwa upande wa huyu wa pili, lakini hatukutaka rafiki asikie habari kwa watu wengine. Tukamwandikia wazi. Siku mbili baadaye alijibu kwamba apareyi ni yenu, ifanyieni kile kitakachosaidia kazi, na akaomba tu aonyeshwe picha ya kwanza. Mama Prezida akayaandika maneno hayo katika daftari ya mikutano, na ubishi ukaisha.

Kwa nini Goma? Kwa sababu huko alipatikana mtu aliyetaka kilicho chetu na aliyekuwa na kile tulichokihitaji. Yeye hupiga picha za mpira kwenye uwanja wa Unité, akisimama nje ya mstari, na apareyi yake ndogo ilikuwa inamwonyesha wachezaji kama sisimizi.

Tuliondoka asubuhi kwa boti. Mtu asiyeiona Bukavu kutoka majini hajaiona bado. Ukiwa juu ya barabara unaona matope na msongamano, lakini ukishaingia ziwani mji unajikunjua, zile rasi zake zimenyoshwa majini kama vidole, na nyumba zimepandana mlimani hadi huko juu ambako mvua ikinyesha sana watu hawalali. Kisha Idjwi inakuja upande wa kuume, ndefu, ya kijani, haiishi upesi. Upande wa kushoto ni milima ya Kalehe na mashamba yaliyosimama wima. Bandarini hatukutoa apareyi, maana kila mtu anajua kwamba bandari, daraja na askari havipigwi picha. Hata hivyo kijana mmoja aliona tu mfuko wake mkubwa akaanza kutuuliza kibali. Tulimwonyesha karatasi ya chama akatuacha. Mfuko mdogo usingemwamsha.

Katikati ya safari tulikutana na wavuvi wa sambaza wakirudi, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, na miti yao mirefu imetokeza mbele na nyuma kama ndevu za panzi. Hapo tuliitoa Nikon mara ya mwisho. Lazima tuseme ukweli, picha ilikuwa nzuri ajabu: maji yanayong'aa, mtu mmoja amesimama anapiga kasia, mdomo wazi, anaimba. Sambaza hao, kwa wasiojua, hawakuwa wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo nani anakumbuka Kivu bila sambaza? Lakini ndani ya boti, karibu na magoti yetu, kulikuwa na mama anayenyonyesha, ameegemea gunia, na nusu ya uso wake inapata mwanga wa dirisha. Tulimwomba ruhusa akakubali. Lenzi ikakataa. Alikuwa karibu mno, na palikuwa giza.

Goma inajulikana kwa miguu kabla ya macho. Sisi wa Bukavu tumezoea kupanda na kushuka. Kule ni tambarare, na chini ni mawe meusi ya volkano. Mwaka 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji ukaingia ziwani, na mwaka 2021 ukashuka tena, ukasimama pembeni ya mji. Watu wamejenga kuta kwa mawe yaleyale yaliyowachomea nyumba. Chukudu zinapita zimebeba makala, viazi na mbao, na wenye chukudu wamejengewa hata sanamu ya rangi ya dhahabu. Tulijaribu kupiga picha ya moja iliyokuwa inapakiwa kando yetu. Tulipata gurudumu.

Huyo ndugu alitupokea katika chumba chake cha kazi, kidogo kuliko jiko letu. Akaweka mezani Lumix GX80 yenye lenzi fupi ya milimita 20. Zote pamoja zina uzito wa nusu kilo hivi. Lenzi hiyo inaona kitu kilicho sentimeta 20 mbele yake, na tundu lake hufunguka hadi 1.7, wakati yetu kwa upana wake wote ilifika 4.5. Kwa lugha ya jikoni, inaingiza mwanga karibu mara saba. Inachajiwa kwa waya wa USB, kwa hiyo umeme ukikatika tunaiunganisha na betri ileile ya sola inayochaji simu. Na ina njia ya kupiga picha bila sauti yoyote, jambo zuri kanisani na kwenye matanga.

Hatukukimbilia kukubali. Tulimulika lenzi kwa tochi ya simu kutafuta ukungu, kwa maana hewa ya ziwa inaotesha ukungu ndani ya vioo kama kwenye mkate, na ukishaenea hautoki. Tukapiga ukuta mweupe tundu likiwa limefungwa sana, ili vumbi la ndani lijionyeshe. Kulikuwa na doa moja, akalipuliza likatoka. Yeye naye aliikagua Nikon vilevile. Halafu akataka tuongeze dola 50. Tulicheka, naye akacheka. Baada ya chai ya pili aliongeza yeye betri ya akiba na kadi ya kumbukumbu, tukaandika desharge yenye nambari za apareyi zote mbili, wote tukatia sahihi. Wamama, msibadilishane kitu chochote cha thamani bila karatasi hiyo. Polisi wakikuta nambari ya kitu kilichoibiwa, "nilipewa na ndugu mmoja" si jibu.

Alitufundisha pia neno moja ambalo tumeshalitumia sana. Apareyi hutaka kila kitu kiwe cha kijivu. Juu ya mawe meusi ya Goma inaongeza mwanga mpaka uso unapauka. Huku kwetu, mtu akiwa ameipa mgongo anga na ziwa, inapunguza mwanga na ngozi yetu inakuwa kivuli kitupu. Kuna kitufe cha kuongeza na kupunguza. Wa Goma apunguze, wa Bukavu aongeze.

Kuna tulichopoteza. Lenzi mpya ni nzito kushika shabaha. Mtoto anayekimbia anakuwa ameshapita. Mechi za vijana wetu hatutaziweza, na wavuvi wa mbali watabaki mbali. Sisi tunaona bei hiyo ni halali.

Picha ya kwanza imeshakwenda Ubelgiji kwa simu. Ni ya yule bibi wa kitenge. Tuliketi naye jikoni akichambua sombe, apareyi ikiwa kifuani, akasahau kwamba ipo. Uso wote unaonekana, na meno mawili.

Jumamosi ijayo tunaanza nyumba kwa nyumba, kutoka Kadutu juu tukishuka. Msikodi nguo. Mtu anayepika aendelee kupika, na baba akiweza abaki nyumbani saa hiyo. Fungueni madirisha. Karatasi ya kuchapia inalipwa na sanduku la chama kwa picha moja ya kila jamaa, na anayetaka ya pili atajilipia. Mwenye mzee au mgonjwa nyumbani amwambie Mama Prezida kabla ya Ijumaa, ili tupite kwake kwanza.