Likizo ya Mama

Januari iliyopita nilikodi gari kwa siku mbili mjini Unguja, nikamwambia mama avae baibui lake jipya tukatembee.

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu. Tutafuata pwani tu. Paje, Jambiani, Makunduchi, mpaka Kizimkazi. Tutasimama tunapotaka."

Alinyamaza kidogo. "Na huko twenda kufanya nini?"

Mama ni mzaliwa wa Jambiani. Kilimo cha mwani kilipoanza upande ule mwaka 1989, alikuwa msichana. Aliingia baharini na wenzake, asitoke kwa zaidi ya miaka ishirini. Sare zangu, madaftari, mpaka nauli ya kwenda chuo Dar es Salaam, vyote vilitoka kwenye kamba zile. Mgongo ulipomshinda tulimhamishia mjini kwa mjomba. Nilipopata kazi niliweka nadhiri: siku moja na yeye ataitazama bahari akiwa amekaa kwenye kiti.

Tuliondoka mapema. Baada ya Tunguu barabara ikawa nyeupe kwa jua, madirisha wazi, upepo wa kaskazi unaingia. Jozani nilipunguza mwendo kwenye matuta. Kima punju watatu walivuka mbele yetu bila haraka, mmoja kambeba mtoto tumboni. Mama alicheka. Nikajisemea, likizo imeanza.

Paje niliegesha kwenye mkahawa wa ufukweni. Mchanga mweupe, miavuli ya makuti, watalii wamelala juani. Niliagiza juisi ya ukwaju. Mama alisoma bei, akaifunika orodha kifudifudi, akageukia baharini. Maji yalikuwa yamekupwa mbali sana.

"Leo bamvua," alisema.

Nilimwonyesha wageni wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na vishada. Aliitikia kwa kichwa tu. Macho yake yalikuwa kwenye vijiti vya mwani. "Hawa wamepanda karibu mno. Mchanga utaufunika." Glasi yake ilibaki nusu.

Nilikasirika, na hasira yenyewe ilikuwa ya zamani. Nikiwa kidato cha pili, siku ya mkutano wa wazazi, nilimwambia mama kuwa skuli imeuahirisha. Nilijua angekuja moja kwa moja kutoka pwani, nguo zina chumvi, vidole vimechanika, ananuka mwani. Hakuwahi kuniuliza. Chuoni walipotaka kujua kazi yake nilijibu, "Biashara." Kiti kile cha Paje kilikuwa deni ninalolipa, na yeye hakukitaka.

Tulipofika Jambiani aliniambia nisimame. Njia aliyokuwa akishukia pwani ilikuwa imezibwa na ukuta wa hoteli. Mlinzi, kijana mdogo, alitusalimia kwa adabu. "Shikamoo mama. Samahani, hapa ni kwa wageni."

"Marahaba mwanangu," mama alijibu, akaniongoza nyuma ya nyumba za watu, huku na huku, mpaka tukatokea mchangani.

Wanawake wanne waliokuwa ndani ya maji walimtambua kwa mbali, wakamwita kwa jina. Alivua viatu akanipa, akapandisha baibui jipya, akaenda.

Nilikaa chini ya mvinje, viatu vyake mapajani, kama nilivyokuwa nikimngojea nikiwa mdogo. Nilimwona ameinama, anafunga mwani kwenye kamba, anazungumza bila kuitazama mikono yake. Alirudi maji yalipoanza kujaa, analalamikia mgongo, ana habari tele: nani kaolewa, nani kafariki, na kwamba kotoni, mwani unaolipa zaidi, haustawi tena kwa kuwa maji yamezidi joto.

Kizimkazi hatukufika. Tukirudi, gari zima lilinuka mwani. Nilianza kumweleza habari ya ule mkutano wa skuli.

"Najua," alisema. "Nilifika mpaka getini."

Sikupata la kujibu. Tulivuka matuta ya Jozani kimya. Nilidhani amelala, kumbe anapiga hesabu.

"Gari linarudishwa kesho jioni, sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kesho maji yatachelewa kidogo kukupwa. Tutaondoka baada ya chai."