Enzi za Picha Kukataa Kufunguka

Ubao wa bei wa duka letu la Kariakoo ulikuwa na karibu kila kitu: kutoa kopi, kuchapa barua, kuskani, laminesheni, kadi za harusi, mihuri. Kazi iliyokula muda wetu kuliko zote haikuwemo. Ilikuwa kazi ya kuchukua picha ya mteja iliyokataa kufunguka kwenye kompyuta zetu na kuigeuza iwe ya aina itakayokubali. Hatukuitoza hela kwa sababu hapakuwa na mteja aliyeamini kwamba hiyo ni kazi. Picha aliiona kwa shemeji yake ikiwa safi kabisa. Iweje hapa dukani isionekane?

Nazungumzia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kila programu ilikuwa na namna yake ya kuandika picha, na wenye programu hawakuona haja ya kuelewana. Paintbrush ya zamani iliandika PCX. Windows ilipenda BMP. Skena ilitoa TIFF. Photoshop ilikuwa na PSD yake, CorelDRAW na CDR yake, na simu zilizokuwa zinaanza kuonyesha kurasa za WAP zilitaka WBMP, picha ya nyeusi na nyeupe tu, isiyo hata na kijivu. Mteja hakujua lolote kati ya hayo, wala hakuwa na sababu ya kujua. Alijua ana disketi, na ndani ya disketi mna picha.

Disketi yenyewe ilitosha kukufundisha adabu. Ilibeba megabaiti 1.44. Picha ya BMP yenye pikseli 640 kwa 480, ambayo leo hata simu ya bei ya chini kabisa ingeidharau, inakula baiti 921,600, kwa kuwa kila pikseli inapewa baiti tatu bila kubanwa. Kwa hiyo disketi moja, picha moja. Ukiigeuza ileile kuwa JPEG ya ubora wa kati, disketi hiyohiyo inabeba kumi na zaidi. Kuna wateja waliokuja na rundo la disketi, wakarudishiwa kila kitu kwenye moja, wakaondoka wakiamini wamepunjwa.

Mtihani mkubwa ulitoka mjini, kwenye ofisi za matangazo zilizotumia Macintosh. Mac za wakati ule hazikuhitaji nukta na herufi tatu mwishoni mwa jina la faili. Aina ya faili iliandikwa pembeni, mahali ambapo Windows haioni. Basi faili ilitufikia ikiitwa "Tangazo la mwisho kabisa", haina mkia, na Windows ikabaki kuuliza ifunguliwe na nani. Dawa yetu ilikuwa Notepad. Ukiifungua picha humo unaona takataka tupu, lakini herufi za mwanzo kabisa zinasema ukweli. GIF inaanza na neno GIF lenyewe. BMP inaanza na BM. PSD inaanza na 8BPS. JPEG ina neno JFIF au Exif lililojificha karibu na mwanzo. TIFF inaanza na II au MM, kwa sababu kompyuta za prosesa za Intel ziliandika namba kuanzia baiti ndogo, na za Motorola kuanzia baiti kubwa. Photoshop ilikuwa inakuuliza waziwazi unapohifadhi TIFF: iwe ya IBM PC au ya Macintosh? Ukishasoma herufi hizo unabandika mkia unaostahili, na mara nyingi hapo ndipo mlango ulipofunguka.

EPS ilikuwa na hila yake. Kwenye kioo unaona picha, unafurahi, unachapa, inatoka michirizi na vipande vya mraba. Ulichokuwa unakiona ni kijipicha cha kuonjea tu. Picha halisi imeandikwa kwa PostScript, na printa isiyojua PostScript inachapa kile kijipicha. Faili za CDR nazo zilikuwa na ukoo wa vesheni. Aliyetengeneza kadi kwenye CorelDRAW mpya akaileta kwetu tulio na ya zamani, tulimrudisha na sentensi ambayo kila fundi wa Kariakoo aliijua: "Kaka, nenda kashushe vesheni." Na wale waliotuletea picha iliyobandikwa ndani ya barua ya Word tulikuwa tunaihifadhi barua yao kama ukurasa wa tovuti, ndipo picha inajitoa yenyewe kwenye folda pembeni.

Aliyetuokoa alikuwa kijana mzaliwa wa Jajce, Bosnia, anayeishi Austria, Irfan Škiljan. Mwaka 1996 alitoa programu ndogo aliyoipa jina lake, IrfanView, ya bure kwa matumizi ya nyumbani. Ilifungua karibu kila kitu tulichowahi kuletewa. Ukibonyeza herufi B inakuja dirisha la kugeuza picha kwa mkupuo: unachagua folda nzima ya BMP, unaagiza JPEG, unaenda kununua chai, ukirudi kazi imekwisha. Kuna masteshenari mengi mjini yaliyosimama juu ya mgongo wa programu hiyo.

Nilichelewa kufahamu kwamba nyuma ya tabu yetu kulikuwa na mambo ya haki za uvumbuzi na hela. GIF ilitoka CompuServe mwaka 1987, ikabana picha kwa njia inayoitwa LZW. Watu wakaizoea, wakadhani ni mali ya wote. Mwishoni mwa 1994 ikatangazwa kwamba njia ile ina hataza ya kampuni ya Unisys, na watengenezaji wa programu zinazoandika GIF watatakiwa kulipa. Wataalamu waliochukizwa, Thomas Boutell akiwa mstari wa mbele, wakakaa mwaka 1995 wakaunda PNG, isiyodaiwa na mtu, isiyopoteza hata pikseli moja, na isiyofungwa kwenye rangi 256 kama GIF. Sisi tuliiona PNG kama usumbufu mwingine, mkia mpya usiofunguka kwenye programu za zamani. Hataza ya LZW ilikwisha Marekani mwaka 2003.

Ninachokikumbuka kwa majonzi hasa ni kanuni. Mzee mwenye duka hakusoma kompyuta shuleni, ila alikuwa amefanya kazi kwenye chumba cha giza cha studio kwa miaka, akaja na sheria za huko: negativu haiguswi. Picha ikiskaniwa, inahifadhiwa kwanza TIFF, inaingizwa kwenye folda iliyoandikwa ASILI, na hapo haichezewi. Nakala ndiyo inayogeuzwa, inayopunguzwa, inayopewa mteja kwa JPEG. Alikuwa akisema, "Kata nguo ya nakala, usikate ya asili." Sheria hiyo ilikuwa na gharama. Ukurasa mmoja wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi, ukiwa tayari kwa rangi nne za mashine, unafika megabaiti 35 hivi. Diski ya Zip ya megabaiti 100, iliyokuwa ghali, ilibeba kurasa mbili, ya tatu inagoma. Tulinung'unika, lakini tulitii.

Na alikuwa na sababu. JPEG, iliyowekwa kuwa kiwango mwaka 1992, inaigawa picha kwenye vimraba vya pikseli nane kwa nane, halafu inatupa maelezo ambayo jicho halitayakosa upesi. Ikitupwa mara moja, haidhuru. Ila kila unapoifungua, ukaikata, ukaipunguza na kuihifadhi tena, inatupa tena juu ya kilichokwishatupwa. Vimraba vinaanza kuonekana kwenye mashavu ya bibi harusi, na herufi zinaota ukungu pembeni. Sisi tulijua ni mara ngapi picha imepita kwenye mikono hiyo, kwa kuwa tulikuwa tunaipitisha wenyewe, na dirisha la kuhifadhi lilituuliza kila mara: ubora kiasi gani?

Siku hizi hakuna anayeulizwa. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika pwani yetu, intaneti ikaanza kushuka bei, zikaja simu za kugusa, ikaja WhatsApp. Picha ikaacha kukataa kufunguka. Ni jambo jema, na sitaki kujifanya nazitamani disketi. Mama wa Tandika anampiga picha mjukuu, na sekunde chache baadaye shangazi aliyeko Muscat anaiona, bila yeyote kati yao kujua JPEG ni nini. Tulichokuwa tunakifanya kwa nusu saa kinafanyika njiani, kimyakimya.

Ila kugeuzwa kule hakukwenda popote, kumefichwa tu. WhatsApp kwa kawaida inaipunguza picha hadi upande mrefu ubaki na pikseli kama 1600, inaibana upya, na inafuta maelezo ya tarehe na mahali ilipopigwa. Pikseli 1600 kwa uchapaji mzuri zinatosha karatasi ya sentimita 13 na nusu. Mteja anataka bango la mita mbili la kumuaga baba. Picha imepita kundi la familia, ikatoka ikaenda kundi la ukoo, kuna aliyeipiga skrinishoti akaibandikia maua na maneno ya pole, na hiyo ndiyo inayotufikia dukani. Inafunguka bila shida yoyote. Haichapiki.

Na wale wanaodhani vita vya mikia vimekwisha, waulize mafundi. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone inahifadhi picha kama HEIC, ambayo kwa ubora uleule inakaribia nusu ya ukubwa wa JPEG. Ni kazi nzuri, ila imejengwa juu ya HEVC yenye lundo la hataza, na Windows nyingi haziifungui mpaka ziongezewe vipande, kimoja kikiwa cha kulipia. Ni hadithi ya GIF imerudi imevaa suti. Google walitoa WebP mwaka 2010; Safari ilisubiri hadi 2020 kuikubali, na Photoshop hadi 2022. Kijana anashusha picha kwenye mtandao akitaka ichapwe kwenye fulana, CorelDRAW ya duka inaitazama kama mgeni asiye na barua. Mwisho wa yote tunafanya nini? Tunaigeuza JPEG. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Kitu kimoja kinanikera kuliko vyote. Zamani faili yako iligeuzwa mbele ya macho yako, umesimama nyuma ya kiti changu unaniharakisha. Sasa mfumo fulani wa maombi ya kazi unagoma, unataka picha iwe JPEG na cheti kiwe PDF kisichozidi kilobaiti kadhaa. Mwombaji anatafuta kwenye simu tovuti ya kugeuza bure, anapakia cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na picha ya uso wake kwenye mashine ya mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua. Ameokoa shilingi mia tano. Kompyuta ya steshenari yoyote ingeifanya kazi hiyo bila hata intaneti.

Majuzi nilizipitia sidii za zamani za duka, nione kilichobaki. Kurasa za PageMaker, ambayo Adobe waliiacha baada ya toleo la 7, zimelala. InDesign ya sasa haizitambui. Kuna sidii ya Kodak Photo CD ya mteja aliyetoka Uingereza na hakurudi kuichukua. Kodak hawakuwahi kutangaza maelezo kamili ya fomati hiyo, na programu moja baada ya nyingine ziliiacha. CDR nyingine nilizipata kwa msaada wa Inkscape, herufi zikiwa zimehama mahali pake. Lakini folda za ASILI zilifunguka zote pale sidii ilipokuwa haijachubuka. Maelezo ya TIFF yaliyochapishwa mwaka 1992, toleo la 6, ndiyo yanayotumika hadi leo, na mtu yeyote anaweza kuyasoma na kuandika programu. Mzee hakuichagua kwa sababu hiyo. Alitaka tu isiyotupa kitu. Lakini nikiangalia kilichopona na kilichokufa, naona uzuri wa fomati haukuwa na neno kubwa. Zilizopona ni zile ambazo maelezo yake yaliwekwa hadharani. Zilizokufa zilikuwa siri ya mwenye programu, na mwenye programu alipochoka zikachoka naye.

Kwa hiyo mteja akija na picha ya kuagia, simpi tena hotuba juu ya pikseli. Namuuliza nani aliipiga, na kama simu ile bado ipo. Ikiwa ipo, naomba itumwe kama dokumenti, au iletwe na waya, hata kama ni HEIC. Kuigeuza ni kazi yangu. Wengine wanampigia binamu hapohapo, picha inakuja na megabaiti zake zote, na bango linatoka mtu akiwa na kope na mikunjo yake. Wengine wanajibu kwamba simu iliuzwa mwaka juzi. Hapo nawaambia wachague bango dogo.