Ahadi ya Bahari Nyeusi

Nimecheza bao tangu utotoni, huko Tanga, chini ya mwembe wa babu yangu. Katika bao mtu aweza kumtania mwenzake, kumzomea, hata kumtia kiwewe kwa maneno; lakini hana cha kumwahidi. Kete ziko wazi mbele ya wote wawili, na asiyezihesabu vizuri hana wa kumlaumu. Ndiyo maana nilipokutana ukubwani na mchezo ambao silaha yake ni ahadi, niliuingia nikiwa mshamba kabisa.

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 1987, nami nilikuwa mwanafunzi katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Theluji ilikuwa imetufungia ndani tangu Ijumaa. Mmoja wa wanafunzi niliokaa nao nyumba moja alileta sanduku lenye ramani ya Ulaya ya mwaka 1901, akasema wanahitajika watu saba. Mchezo huo unaitwa Diplomacy. Aliubuni Mmarekani aliyeitwa Allan Calhamer, akaukamilisha mwaka 1954, na kampuni zilipoukataa akatoa nakala 500 kwa fedha zake mwenyewe mwaka 1959. Baadaye mtu huyo alifanya kazi ya kupeleka barua majumbani.

Kila mchezaji hupewa dola moja: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Austria, Urusi au Uturuki. Ramani ina vituo 34, na atakayeshika 18 ndiye mshindi. Hakuna dadu wala karata. Majeshi yote yana nguvu sawa, kwa hiyo jeshi moja haliwezi kuling'oa jingine mpaka lisaidiwe, na msaada huo waweza kutoka kwa jirani. Hapo ndipo maneno yanapoingia. Kabla ya kila hatua watu hupewa muda wa kunong'onezana, wawili wawili, jikoni au ngazini. Kisha kila mmoja huandika maagizo yake kwa siri, na karatasi zote husomwa pamoja. Lililoahidiwa ngazini halimfungi mtu. Karatasi ndiyo inayosema.

Tulipiga kura, nikapata Uturuki. Urusi ilimwangukia rafiki yangu kutoka Mombasa, ambaye sitamtaja jina. Katika nyumba ile ni sisi wawili tu tuliojua Kiswahili. Kila Jumapili tulipika ugali kwa unga tulioutafuta kwa shida katika duka la Wahindi upande wa pili wa mji, tukasomeana barua za nyumbani. Yeye aliniita ndugu yangu, nami nikamwita hivyo hivyo.

Basi mchezoni tukawa na anasa ambayo wengine hawakuwa nayo. Wao walilazimika kwenda kunong'ona ngazini. Sisi tulipanga mambo yetu pale pale mezani, mbele ya macho yao. Walilalamika, kisha wakacheka. Tulikubaliana mapema kwamba Bahari Nyeusi, iliyo kati ya nchi zetu, ibaki tupu.

"Wewe huingii, mimi siingii," alisema. "Tuwaache hawa wapigane."

Kwa miaka miwili ya ramani ahadi ile ilisimama. Yeye akapeleka majeshi yake magharibi na kaskazini, akauacha mgongo wake wazi, kwa kuwa mgongo huo ulikuwa umeelekea kwangu.

Mwanzoni mwa mwaka 1903 wa ramani, manowari zangu ziliingia Bahari Nyeusi. Maagizo yalipokwisha kusomwa, alinitazama. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia kwamba Austria anataka kumpokonya Rumania, nami nimeingia baharini ili nimsaidie kuishika. Kwa kanuni za mchezo jambo hilo liliwezekana kabisa. Uongo wenye nguvu hukaa mlango mmoja na ukweli.

"Kweli?" aliniuliza.

"Kweli, ndugu yangu."

Sikuapa. Kwa muda mrefu nilijituliza kwa hilo, kwamba yote niliyoyasema sikuyasema kwa kiapo. Lakini msomaji amekwisha kuona nilichochelewa kukiona mimi: neno ndugu ndilo lililokuwa kiapo. Hakuna mwingine katika baridi ile aliyeniita kwa neno hilo. Lilikuwa neno la Jumapili, la ugali na la barua. Nililichukua nikalinunulia Sevastopol.

Hatua iliyofuata aliiacha Sevastopol tupu, nami nikaingia. Mezani walipiga makofi, maana kwa macho ya mchezo lilikuwa pigo zuri. Yeye hakupiga makofi wala hakugomba. Aliandika maagizo yake.

Nilidhani ningefika mbali, wala sikufika. Kwanza, hakuja tena kuzungumza nami. Mpinzani anayekuja kukudanganya bado anakuhitaji. Aliyenyamaza amekwisha kukata shauri. Majeshi yake yaliyosalia aliyatumia yote kumsaidia Austria dhidi yangu, bila kudai malipo yoyote. Pili, nilimwendea msichana kutoka Wales aliyeicheza Austria, nikamweleza kwa Kiingereza changu bora faida ya sisi wawili kupatana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: ikiwa nimemtenda hivi mtu wa lugha yangu, yeye nitamtenda nini? Sikuwa na jibu. Kabla ya saa sita usiku Uturuki ilikuwa imefutika katika ramani.

Tangu siku hiyo nimecheza mara nyingi na watu wanaoujua mchezo huo, na nimeona kwamba walio hodari husema kweli karibu kila mara. Pale ambapo uongo umeruhusiwa na kila mtu, ukweli huwa ndio mtaji. Hutimiza ahadi ndogo ndogo. Huenda kuzungumza hata na yule ambaye leo hawana haja naye, kwa kuwa kesho ramani itageuka. Wakivunja ahadi, huivunja mara moja, kwa jambo litakalomaliza kazi. Mimi niliivunja kwa kituo kimoja.

Mwaka 2022 watafiti wa kampuni ya Meta walitangaza programu ya kompyuta iitwayo Cicero, iliyocheza mchezo huu kwenye intaneti mara 40 dhidi ya watu, ikiandikiana nao ujumbe. Ilikuwa katika asilimia 10 ya juu ya wachezaji waliocheza zaidi ya mara moja. Waundaji wake walisema waliifunza kuwa mkweli kwa sehemu kubwa. Mwaka 2024 watafiti wengine wakaonyesha kwamba nayo ilitoa ahadi na kuzivunja. Niliposoma habari hizo nilijiuliza swali moja tu: asubuhi yake, programu ile ilikutana na nani jikoni?

Mimi nilikutana naye. Nikamwuliza habari za asubuhi, akanijibu kwa Kiingereza. Alinijibu kwa adabu kamili, akanisogezea birika la chai, akazungumzia theluji. Jumapili hakupika. Nilimfuata chumbani kwake nikamwambia, "Niwie radhi, bwana, nilikosa." Akacheka, akasema ule ni mchezo tu, watu hawakasirikiani kwa mchezo. Alisema kweli, kanuni zilikuwa upande wangu. Lakini hayo nayo aliyasema kwa Kiingereza.

Hali ikaendelea hivyo wiki baada ya wiki. Hatukugombana, hatukununiana. Tulikuwa kama wageni wawili waliopanga nyumba moja, wanaoheshimiana.

Theluji ilikwisha yeyuka siku alipogonga mlango wangu jioni moja, sufuria mkononi, maji yakichemka nyuma yake jikoni.

"Unga umenipungukia, ndugu yangu. Una wowote?"

Nilimpa mfuko mzima. Tukala pamoja usiku ule, tukazungumza Kiswahili mpaka usiku wa manane, na urafiki wetu ukaendelea miaka mingi baada ya masomo, kwa barua na baadaye kwa simu. Namshukuru Mungu kwa hilo. Ila tangu jioni ile ya Bahari Nyeusi, kwa lolote nililomweleza, kubwa au dogo, hakuniuliza tena, "Kweli?"