Buti lagoma Bagamoyo, mahari imo ndani!

Leo sina umbea wa mjini. Nawapeleka Bagamoyo, kilomita kama 70 tu kutoka Dar, mahali nilipotaka kuumbuka mbele ya wakwe wa kaka yangu kwa sababu ya buti la gari.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya kupeleka begi. Watu wa pwani mnalijua: kanga, viatu, manukato, udi, mpaka sabuni za bibi harusi. Kosa ni kwamba shangazi mkubwa alitumbukiza humo na bahasha ya mahari. Eti pochi inakwapuliwa, begi halikwapuliwi. Mshenga na wajomba walitangulia na Coaster, mahari ikafuata kwenye gari la kuazima, dereva mimi, abiria shangazi wawili.

Safari tamu jamani. Ukishamaliza foleni ya Tegeta, ukapita Bunju na kuvuka mto Mpiji, umeingia Mkoa wa Pwani na roho inatulia. Mapinga, Kerege, Zinga, minazi na mikorosho huku na huku. Shangazi walianza vigelegele tangu Kerege utadhani tumeshafika.

Saa tisa na nusu hao tukasimama nyumbani kwa wakwe, Magomeni. Siyo ya Mapipa, Magomeni ya Bagamoyo. Mikeka imetandikwa, ubani unafuka, mshenga wetu kakaa mikono mitupu anatutolea macho. Nikavuta kile kidude cha kufungulia buti, pale chini pembeni ya kiti cha dereva. Kimya. Nikavuta kwa nguvu, tak! Kikalegea mkononi. Waya umekatika. Nikachukua ufunguo, unaingia nusu, hauzunguki. Tundu limejaa kutu, nadhani halijaonja ufunguo miaka.

Hapo kila mtu akawa fundi. Huyu anapiga mfuniko ngumi, yule anataka mtaimbo. Shangazi akaninong'oneza, "Mwanangu, wazee wa wenzetu wameanza kukohoa." Kweli, mzee mmoja akauliza taratibu, "Au mmeisahau Dar?" Mshenga akacheka, lakini jasho lilimtoka mpaka kwenye kofia. Msilione jambo dogo. Kaka aliikusanya ile pesa karibu mwaka mzima, na tarehe ilishaahirishwa mara mbili kwa ajili hiyo hiyo. Mara ya tatu tuje na hadithi ya buti, nani atatuamini?

Nikakimbilia kwa fundi mmoja chini ya mwarobaini, hatua chache tu. Akaja na bisibisi, spana, koleo na kijana wake mwembamba kama ufito.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba baba, tuokoe!"

Hakugusa buti. Aliuliza kwanza gari linalala wapi. Nikamwambia mwenyewe anakaa Kunduchi, karibu na bahari. Akatikisa kichwa. "Chumvi hiyo, dada." Akanieleza kwamba upepo wa bahari una unyevu wa chumvi, unapenya kwenye ule mpira unaovaa waya, waya unaota kutu ndani kwa ndani na kuwa mzito. Ukivuta kwa hasira, unakatika. Tena begi letu lilijaa likawa linasukuma mfuniko juu, ulimi wa kitasa ukabanwa. Ilitakiwa mtu mmoja aukandamize mfuniko chini, mwingine avute polepole. Ningejua! Na ngumi zile alizikataza kabisa, kwa sababu mfuniko ukipinda hata kitasa kipya hakikai.

Ukitaka kumwelewa fundi, zunguka mji wenyewe. Milango ya nakshi ya wazee wa zamani bado imesimama, mabati ya juzi yameshakuwa rangi ya chai. Na kule Misheni kuna mbuyu uliopandwa 1868. Inasimuliwa kuwa mwaka 1895 Madame Chevalier aliufunga mnyororo wa punda wake, mti ukanenepa ukaumeza, leo kinachungulia kipande tu. Mimi niliukumbuka nikasema basi, na mahari yetu ndiyo imemezwa hivyo.

Adhana ya Alasiri ikatuokoa. Wazee wakanyanyuka kwenda kuswali, na mshenga akawafuata haraka kuliko wote. Fundi akang'oa kiti cha nyuma, kwanza pa kukalia, kisha akafungua nati za egemeo. Nyuma yake kuna bati lenye matundu, begi halipiti hata ulisali. Lakini mkono wa yule kijana ulipita. Akaingia na tochi mdomoni na bisibisi ndefu, akawa anapapasa, shangazi wanasoma dua. "Nimeuona ulimi, bosi." "Sukuma pembeni, siyo mbele." Mara paa! Mfuniko ukaruka juu, na vigelegele vilivyopigwa pale nadhani vilisikika Kaole.

Wazee walipotoka msikitini, bahasha ilikuwa juu ya sinia, imefunikwa kitambaa cheupe kana kwamba ilikuwepo tangu asubuhi. Yule mzee wa kukohoa aliitazama, akanitazama mimi nilivyochafuka grisi hadi kwenye nyusi, akatabasamu. Hakusema kitu. Ndoa ikapangiwa tarehe.

Fundi akala pilau, akachukua elfu kumi na tano yake, na kabla ya kurudisha kiti akafunga kamba ya nailoni kwenye ulimi wa kitasa na kuipitisha hadi ndani. Ukitaka kufungua, vuta kamba.

Jioni tulipitia soko la samaki kule ufukweni, majahazi yameegeshwa, ngisi wa kukaanga wa moto. Kurudi Dar shangazi wote wawili walipakata mizigo yao mapajani, samaki na yote. Buti likaja tupu.

Mwenye gari bado hajui habari za kamba. Ndugu yangu, kama unasoma gazeti hili, iko nyuma ya kiti, upande wa kulia.