Bwana Alilia Naye

Jumamosi ya tarehe 6 Mei 2017, basi dogo lililobeba wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent ya hapa Arusha lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia, wilayani Karatu. Watoto walikuwa safarini kwenda kufanya mtihani wa ujirani mwema. Walifariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Jumatatu yake mji ulimiminika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid kuwaaga, Wakristo kwa Waislamu. Nasi tulikuwepo, mume na mke, tumemshika mkono binti yetu wa darasa la nne.

Watoto 3 walinusurika. Walipelekwa Marekani kutibiwa, wakarudi mwezi Agosti mwaka huo huo. Tulimshukuru Mungu kwa ajili yao, tena kwa dhati. Lakini swali lilibaki mitaani na makanisani: kwa nini hawa wapone na wale wasipone? Wakati ule lilikuwa swali la wenzetu. Miaka miwili baadaye likawa letu. Binti yetu aliugua kwa muda mfupi, akafariki.

Tulimzika nyumbani, upande wa Meru, kando ya migomba, karibu na babu yake. Kanisa halikutuacha. Vijana walichimba kaburi, akina mama walipika, kwaya iliimba, daftari la rambirambi likazunguka. Maneno ya pole yalikuwa mengi. Wengine walituambia Mungu amempenda zaidi, ndiyo maana amemchukua. Walisema kwa upendo, wala hatuwalaumu. Lakini usiku tuliulizana: kwani sisi hatukumpenda? Ni Baba gani anayeshindana na wazazi kwa mtoto wao?

Baada ya kuanua matanga, turubai lilishushwa, viti vya kukodi vikarudishwa, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Hapo ndipo msiba ulipoanza kwetu. Sahani moja ilizidi mezani. Tukishika Biblia jioni, sauti haikutoka.

Alhamisi moja alikuja bibi mmoja wa jumuiya yetu, amebeba loshoro kwenye chombo. Alikaa nasi jikoni, akaosha vyombo, akaondoka. Hakutuuliza tunaendeleaje. Alhamisi iliyofuata akaja tena. Ya tatu, alituomba tumsomee Injili ya Yohana sura ya 11, habari ya Lazaro.

“Someni polepole, wanangu,” alisema. “Bwana anajua atamfufua rafiki yake. Anajua kabisa! Na bado analia.”

Hakuhubiri zaidi ya hapo. Alijifunga kitenge chake, akaenda zake.

Habari hiyo tulikuwa tumeisikia tangu shule ya Jumapili, lakini siku hiyo ilitushika. Kama machozi yangekuwa upungufu wa imani, Bwana asingelia. Martha na Maria walimwambia waziwazi kwamba angekuwepo, ndugu yao asingekufa. Hakuwakemea, wala hakuwaeleza sababu za kifo. Alikwenda nao kaburini. Tangu hapo tuliweza tena kuomba, kwanza kwa kulia tu, kisha kwa maneno machache. Tunaamini ufufuo, na tunamlilia mtoto wetu. Moja haliliondoi jingine.

Swali la kwa nini halijajibiwa. Lakini halitutenganishi tena na Mungu, kwa sababu tunamjua alivyosimama mbele ya kaburi la rafiki yake.

Wapendwa, tunapokwenda msibani tusihangaike kutafuta maelezo. Marafiki wa Ayubu walifanya vema zile siku saba walizokaa naye kimya. Walikosea walipoanza kumweleza. Twendeni siku ya mazishi, na twendeni tena turubai likishashushwa. Yule bibi sasa magoti yanamsumbua, hatoki mbali. Alhamisi tunakwenda sisi.