Mayai ya Shosho

Mwaka jana niliandika makala kuhusu protini na kuzeeka kwa mteja wa ng'ambo. Kazi kama hizo hulipwa kwa neno, kwa hivyo husomi sana. Unachota unachohitaji, unatuma, unangoja pesa.

Nilichota kwenye utafiti wa 2014 wa Valter Longo na wenzake, uliochunguza Wamarekani 6,381 wa miaka 50 kwenda juu. Waliokuwa na miaka 50 hadi 65 na kula protini nyingi, yaani asilimia 20 au zaidi ya kalori zao, walikuwa na hatari ya kufa kwa saratani mara nne ya waliokula kidogo.

Habari hiyo nikaipeleka ushago. Shosho ana miaka 78. Nilimwambia aachane na mayai na nyama, naye akaniamini kwa sababu mimi ndiye niliyefika chuo, hata kama sikumaliza. Mayai yote akawa anauza.

Niliporudi Disemba, sweta ilikuwa imemlegea mabegani. Kuinuka kwenye stuli ilibidi ashike meza.

"Ni uzee tu, baba," akasema.

Siwezi kuapa kwamba ni mayai. Lakini usiku huo niliufungua ule utafiti, nikausoma hadi mwisho. Kwa waliozidi miaka 65, mambo yaligeuka: waliokula protini nyingi walikufa kwa uchache, hata kwa saratani. Watafiti wanataja IGF-1, homoni inayochochea seli kukua. Kwa mtu wa makamo, ikizidi inaweza kukuza hata uvimbe. Kwa mzee imeshashuka, na misuli inaisha. Tena, hata kwa wa makamo, hatari ilipungua au kutoweka protini ilipotoka kwenye mimea. Githeri haikuwa na kosa lolote.

Wataalamu wengi hupendekeza mzee mwenye figo nzima ale gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Shosho ana kilo 50 hivi. Yai moja lina gramu 6. Nilipiga hesabu, nikaona aibu.

Asubuhi nilimchemshia mayai mawili.

"Si ulisema haya ni mabaya?"

"Nilikosea, Shosho. Sikusoma yote."

Akamenya la kwanza polepole. "Na wale wazungu uliowaandikia, umeshawaambia?"

Nilikuwa sijawaambia.