Kisu Kidogo cha Njia ya Epulu



Juma lililopita tulikuwa wamama watano katika safari ya kutoka Bunia kwenda Mambasa. Tulilala Komanda, kwa sababu mvua iliharibu barabara na kamio zilikwama katika matope. Kesho yake tulipanda pikipiki, tukapita Mambasa, tukashika njia ya Epulu, msituni.

Tulikuwa na sababu mbili. Visu tunavyonunua sokoni vinapinda tukimenya mihogo, na tulisikia habari za mzee mmoja anayefua visu vya wawindaji. Tena, mtoto wa mwenzetu, kijana wa miaka 17, anajifunza kazi kwa mzee huyo. Zamani alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu, na mama yake alikuwa halali usingizi.

Lakini mwenzetu huyo, tangu vita ya Ituri ya 1999 mpaka 2003, hashiki chuma chenye makali. Nyumbani kwake binti zake ndio wanaokata nyama. Aliposikia kijana wake anafua visu, alilia. Tukamwambia: twende kwanza tukaone.

Mzee alitupokea vizuri, akatupa vigoda karibu na moto wa makaa. Kijana alikuwa anavuta mvukuto. Chuma chao ni kipande cha resori ya kamio iliyokufa. Wanakichoma mpaka kiwe chekundu, wanakipiga nyundo, wanakirudisha motoni, mara nyingi sana. Kikipata umbo, wanakisugua kwa tupa.

Tuliuliza kwa nini kisu ni kifupi hivi, hakipiti kiganja. Mzee akacheka: “Mama, mwindaji anaingia na wavu, si na vita. Kisu kirefu kinanasa kwenye kamba za msitu, na kinapasua ngozi ya mboloko.” Wanunuzi wake wengi ni Wambuti. Katika uwindaji wao wa nyavu wanaume wanangoja kwenye nyavu, na wanawake wanafukuza wanyama kwa kelele. Katika Hifadhi ya Okapi, iliyoundwa mwaka 1992, okapi mwenyewe haguswi. Hata watoto wa hapo wanajua.

Mpini ni wa libuyu, ule mti mwekundu ambao mbao zake tunaziona kwenye kamio zinazokwenda Uganda. Mzee anaomba vipande vinavyobaki kwa seremala. Anatoboa tundu, anachoma mkia wa kisu, anausukuma ndani mpaka moshi utoke, halafu anautoa tena. Baadaye makali yanachomwa na kuzamishwa katika mafuta ya mawese ili yakaze. Yakiachwa hivyo yanavunjika kama kioo, kwa hiyo yanapashwa tena kwa moto mdogo, polepole. Mwisho mkia unarudishwa kwenye mpini pamoja na utomvu wa moto, na mti unasuguliwa mpaka uwe laini kama shavu la mtoto.

“Hapo ndipo vijana wanashindwa,” mzee alisema. “Wanataka kumaliza leo. Huyu wenu alivunja vinne, hakukimbia.”

Kijana akaingia ndani, akaleta cha tano. Hakumpa mama yake mkononi. Alikiweka juu ya kigoda, mpini ukimwelekea mama, akarudi kwenye mvukuto wake.

Mwenzetu alikitazama muda mrefu. Sisi tulinyamaza. Kisha alisugua ule mti kwa kidole gumba, akakiinua, akauliza kama kuna mihogo. Mke wa mzee alileta kikapu. Alimenya mmoja, akamenya wa pili. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini mkono haukutetemeka.

Tuliagiza visu sita vya kikundi, tukalipa nusu. Vitakapofika, tusivisahau majini, kwa sababu chuma hiki kinashika kutu: tuvioshe, tuvikaushe, tuvipake mafuta kidogo, na tuviweke mbali na watoto wadogo.

Na mama mwenye kijana asiye na kazi, aje tuongee. Mzee anasema moto wake una nafasi ya mmoja tena.

Tulirudi Bunia siku ya tatu. Mwenzetu alibeba kisu chake mwenyewe, amekifunga katika kitambaa, ndani ya kikapu chake.